Viola Hapigi Hodi ya Nne

Viola hutengeneza kompyuta mjini Malindi, na kama una haraka, usimwite. Nasema kwa uchungu, maana mimi aliwahi kuniweka asubuhi nzima. Baba yake alitoka Meru kuja kufanya kazi ya chumvi Marereni, na huko majirani wakamfundisha binti hodi: piga mara tatu, usipojibiwa rudi kwenu. Hodi hiyo huipiga hata kwenye mashine. Hufungua dirisha lake jeusi, huandika neno moja, na majina ya kazi zote zinazoendelea ndani hushuka, kila moja na namba yake na siku iliyoanza. Huyatazama kama mtu aliyekaa barazani akiangalia wapita njia. Kazi iliyokwama huiomba kwanza ijifunge yenyewe, kisha hungoja.

Siku hiyo nilikwenda kununua kitambaa dukani kwa Bhanumati, muuza vitambaa. Kompyuta yake ilikuwa imeganda, na ndani yake mlikuwa na kurasa arobaini za maisha yake na marehemu mumewe, Pranlal. Hakuwa amehifadhi hata moja. Alidhani kinachoonekana kwenye kioo kimeshahifadhiwa. Mwanawe Chirag, hasira zake moto wa mabua, alikwisha shika waya aung'oe. Bhanumati alimwondoa mkono.

Viola alipofika alimwamkia mama, akaketi, akafungua dirisha lake jeusi. Upepo uliingia mlangoni, vitambaa vikainuka na kushuka, na majina kwenye kioo yakashuka navyo. Akaeleza kwamba programu ya kuandikia haijafa. Asubuhi mama alibonyeza kuchapa, nayo ikaenda kusimama nyuma ya kazi nyingine ya kuchapa, ya zamani, iliyokuwa ikingoja printa. Ile ya zamani ikiondoka, huenda kurasa zikarudi.

Printa yenyewe walikwisha igawa. Bhanumati akauliza kazi hiyo ilianza lini. Viola akasoma: tarehe kumi na mbili Machi, saa tatu asubuhi.

Chirag akaachia waya. Asubuhi ile Pranlal alituma ukurasa wa kwanza aliouandika mwenyewe uchapwe, mchana akapelekwa hospitali, na hakurudi. Tangu hapo mama hakukubali mashine izimwe.

Viola aliiomba kazi ile ijifunge. Kimya. Akaiomba tena. Mara ya tatu, vilevile. Kisha akaondoa vidole, kwa kuwa iliyobaki ni amri ya nguvu, ile isiyoomba.

"Mama, hii siifungi bila ruhusa yako," alisema. "Ni ya mzee."

Bhanumati aliitazama ile namba mpaka nikaona haya kuwapo.

"Iache iende, mwanangu. Imengoja vya kutosha."

Viola akaandika amri na namba. Jina likatoweka, na baada ya muda kurasa zikafunguka, zote arobaini. Akamwonyesha mama pa kuhifadhi.

Bhanumati alihifadhi. Kisha akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kufunga duka, na mimi nikaondoka bila kitambaa changu.