Sinema kwa Kikamba, Sebuleni Kwangu

Nimetazama filamu nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu Machakos, na nyingi nilizitazama nikiwa nimesimama, bisibisi mkononi. Nilikuwa fundi wa viyoyozi katika jumba la sinema kule Ghuba, Uarabuni. Jumba lilikuwa na kumbi kadhaa, kila ukumbi na mitambo yake, na mitambo ya kule hairuhusiwi kupumzika. Nilipita mlango wa nyuma, nikakagua upepo, kisha nikasimama gizani dakika chache. Dakika chache za kila siku, kwa miaka, ni elimu. Wenzangu walitoka nje kuvuta sigara. Mimi nilibaki ndani nikisoma filamu.

Kwa hiyo nikitoa maoni sibahatishi. Nina kipimo changu ambacho sijakiona kwa mhakiki yeyote: filamu ikiwa mbaya, watazamaji hulalamika kuhusu baridi. Ukumbi ni uleule na mashine ni zilezile. Wiki ya filamu nzuri hakuna anayekumbuka kwamba ana ngozi. Wiki ya filamu mbovu nilikuwa naitwa kila saa, mara huyu ameganda, mara yule anaomba blanketi. Meneja alidhani mitambo ina hitilafu. Nilimweleza kwamba hitilafu iko ukutani, kwenye picha, si darini. Hakuniamini, lakini baadaye alinipandisha cheo.

Jambo la pili nililojifunza ni kuhusu mapenzi. Kule mabusu hukatwa. Wapendanao wanasogeleana, wanasogeleana, halafu ghafla mmoja yuko ndani ya gari anaendesha. Filamu dhaifu ikikatwa hivyo hubaki kama kuku asiye na shingo. Filamu imara haijali, kwa sababu macho ya wale wawili yameshasema kila kitu kabla ya makasi kufika.

Sinema za mashujaa wanaopaa sizipendi. Mafundi wake nawaheshimu, maana kazi ngumu nikiiona naijua. Lakini mji mzima unabomolewa na hakuna anayeonekana akiujenga upya. Mtu aliyejijengea nyumba mwenyewe, jiwe kwa jiwe, hawezi kukaa akila bisi huku maghorofa ya watu yanaanguka. Filamu za familia za Kinaijeria nazitetea, hata wanaojiona wasomi wakizicheka. Sauti inapasuka na mwisho wake unachelewa, ila ndani ya muda mfupi unajua nani amemkasirikia nani na kwa nini. Filamu nyingi za bei kubwa haziwezi hilo.

Nyumba yangu iko pembeni mwa mji, upande wa barabara ya Masii. Niliijenga kwa kutuma pesa nikiwa bado ng'ambo, na nilirudi nikaikuta imesimama wima kama nilivyoichora. Sebuleni stashahada yangu ya ufundi wa majokofu na viyoyozi imening'inizwa mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Sijaoa bado, na hilo si jambo la kurasa hizi. Chini ya stashahada kuna runinga. Ni kubwa hivi kwamba waliokuja kuifunga waliilaza ndipo ikapita mlangoni.

Mama alihamia kwangu kutoka Masii kwa sababu ya macho. Daktari alisema ana mtoto wa jicho, na kwamba anaweza kuondolewa, lakini presha ya mama ilikuwa juu mno kwa upasuaji. Ilibidi ameze tembe kila siku, apimwe kila wiki, na presha ikishuka ndipo apewe siku. Mimi namjua mama yangu. Angerudi Masii, dawa zingebaki kabatini, na msimu wa kuvuna mbaazi hakumbuki hata kula. Angerudi Masii, angepofuka. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfanya akae, na haikuwa rahisi, kwa sababu siku ya pili tu alianza kuuliza nani anawapa kuku wake maji.

Nikaamua kumshikilia kwa filamu. Ni nani mwingine Machakos angeweza kumchagulia mtu filamu kama mimi?

Nilimwekea zile bora, zenye sauti yake ya asili na maandishi chini ya picha. Sipendi sauti za kubandikwa. Sisi nyumbani huzungumza Kikamba. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, ingawa kuna utamu unaopotea.

"Anasema nini huyo?" mama aliuliza.

"Imeandikwa hapo chini, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama.

"Hapo chini wapi?"

Nikamweleza kwa upole kwamba kule nilikokuwa, mtu akiongea ndani ya ukumbi hutolewa nje, na kwamba filamu huheshimiwa kwa kunyamaza. Akanyamaza. Nilidhani amezama.

Nilijaribu vipindi vya mashindano ya mapishi. Mwenyewe nina shaka navyo, kwa sababu jaji anaonja kijiko kimoja na kutokwa machozi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupewa sahani ya muthokoi aonyeshe ujuzi wake kwenye mahindi yaliyokobolewa. Mama alisinzia. Nikaweka filamu ya wanyama, ile ya simba wa nchi yetu wenyewe wakisimuliwa na mgeni kwa sauti ya chini kabisa. Mama akainua kichwa akauliza mbona yule mtu ananong'ona, kuna mgonjwa?

Kisha jioni moja nilitoka bafuni nikasikia mama anacheka. Alikuwa amebonyeza rimoti mwenyewe akaangukia kwenye kichekesho cha hapa Kenya. Mnavijua. Tajiri ndani yake huongea vizuri, wakili huongea vizuri, na soja wa getini lazima awe Mkamba, anayevuta maneno na kuogopa mbwa wa tajiri. Maoni yangu kuhusu vipindi hivyo sijayabadilisha na sitayabadilisha: ni uvivu. Mwandishi akikosa mzaha hutuma mtu wa kwetu getini. Nimefanya kazi na watu wa mataifa mengi, nimewaongoza Wahindi na Wafilipino, na hakuna aliyecheka lafudhi yangu mara mbili. Nikazima runinga.

"Washa," mama alisema.

"Wanatucheka, mwaitu."

"Wametucheka wapi? Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka. Tangu nije, huyo ndiye mtu wa kwanza kuongea humu ndani nikamwelewa."

Sikuwasha. Wiki hiyo presha yake ilipanda badala ya kushuka, na alimwambia muuguzi mbele yangu kwamba Ijumaa anakwenda zake Masii, macho yabaki yalivyo.

Siku hizohizo nikagundua kwamba mchana hakai nyumbani. Jirani yangu ni mama Mwislamu mwenye asili ya pwani, fundi wa kushona, ambaye kazi na runinga yake ndogo viko chumba kimoja. Nilikwenda kumchukua mama huko. Nilisimama mlangoni bila kuonekana, tabia ya kazi yangu ya zamani. Filamu ilikuwa ya Kihindi, na jirani, aliyejifunza Kihindi kwa filamu tangu utotoni, alikuwa akikanyaga cherehani huku akisimulia.

"Sasa mama mkwe huyo anaingia, shoga yangu, sura kama kalamba ndimu. Anamwuliza bibi harusi, dhahabu yangu i wapi?"

"Amwambie ameiuza," mama akasema kwa Kiswahili chake cha Masii.

"Hawezi, anaogopa."

"Niko hapa. Amwambie tu."

Kuhusu filamu za Kihindi, msimamo wangu ni kwamba zina urefu wa filamu mbili na nyimbo za tatu. Hata hivyo nilipima chumba kile kwa kipimo changu, na nakiri kwamba hakuna aliyehisi baridi. Jirani aliponiona alinikaribisha, akanipa kiti, akasema bila kuacha kushona, "Nyumba yako nzuri, baba, mashallah. Lakini kimya kama benki."

Tulirudi na mama polepole, amenishika mkono. Ndipo akaniambia kile ambacho hakuwa amemwambia hata daktari vizuri.

"Runinga yako naiona kama shuka iliyoanikwa mbele ya taa. Naona rangi zinapita. Basi."

Akaendelea, bila mimi kuuliza. Alipokuwa msichana, gari la sinema lilikuwa likifika sokoni Masii kutangaza sabuni, na pamoja nalo alikuja mtu wa kipaza sauti. Watu kwenye picha walikuwa wa nchi za mbali, lakini yule mtu alisema kila kitu kwa Kikamba, nani mwizi, nani mke wa nani. Wasichana walikaa nyuma kabisa, nyuma ya wanaume wenye kofia, na hawakuona kitu. "Na mpaka leo nitakusimulia filamu hizo zote," alisema. "Filamu yako haina mtu wa kuisema. Ndiyo maana naenda nyumbani."

Fundi hupewa maelezo ya hitilafu, hapewi matusi. Nilikwenda nikafanya kazi.

Nilichagua tamthilia ya polisi wa nchi ya theluji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya runinga ya miaka hii. Haina haraka, hakuna anayepaa, na kila mtu ana sababu ya kusema uongo. Nilikuwa nimeitazama yote, naijua kama ninavyoijua mashine. Nikakaa kando ya mama nikaanza. Mpelelezi ameingia. Amevua koti. Ameketi.

"Unanisomea bili ya stima," mama akasema.

Nikapumua, nikaanza upya. Nikasema mpelelezi ni mwanamke wa Katangi, huku kwetu, mjane, mrefu, mwenye mabega ya kuinua gunia peke yake, na kwamba nchi yote imefunikwa na kitu cheupe, kama mchanga wa mto uliokauka, ila ukikikanyaga kinakata miguu kwa baridi. Mwenye duka, wa kwanza kushukiwa, nikamtoa Kithyoko. Nikampa kikohozi. Pale waliponyamaza kwenye picha, nami nilisema wanachofikiri. Mama aliacha kuegemea kiti. Alitaka kujua yule wa Kithyoko alifunga duka saa ngapi, na kama alifunga mapema, alikuwa anamwogopa nani? Hilo ni swali ambalo mwandishi wa tamthilia yenyewe alilichelewesha hadi sehemu ya tatu.

Ijumaa ikafika. Mama alikuwa amekaa sebuleni, mkoba miguuni, kitambaa kichwani. Mimi nilikuwa na funguo za gari mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitamzuia kwa nguvu.

"Yule wa Kithyoko," alisema, "amekamatwa?"

"Bado."

"Ni yeye?"

"Zimebaki sehemu nyingi, mwaitu."

Mama akausukuma mkoba nyuma ya kiti kwa mguu na kuuliza kama tembe za asubuhi humezwa kabla ya chai au baada.

Hatukukosa hata jioni moja. Jirani naye alianza kuja, akiwa na kanzu za watu za kutia vifungo, na wawili hao walimhukumu kila mhusika kabla ya mahakama. Wiki baada ya wiki presha ilishuka. Muuguzi alitaka kujua tumebadilisha chakula gani. Nikamwambia ni msimulizi, na kwamba ni mimi.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji, na likafanikiwa. Siku ya kuondoa kifuniko mama aliangalia kwanza mikono yake, halafu mimi, akasema nimenenepa. Jioni akakaa mbele ya runinga, na kwa mara ya kwanza akamwona mpelelezi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona hana mabega?"

Alimtazama kwa makini, yule mwanamke mwembamba mwenye macho ya usingizi, mimi nikiwa nimenyamaza, kwa kuwa sasa alikuwa anaona. Haukupita muda akanigeukia.

"Naona midomo tu inacheza. Sema."

Nikasema, hadi mwisho wa sehemu ile.

Jumamosi nampeleka Masii. Atakaa huko na jicho lake zima hadi siku ya jicho la pili, ambayo ameiweka yeye mwenyewe na daktari. Wanawake wa kanisani kwake wameshaambiwa habari za mjane wa Katangi, nao wanataka kuanzia mwanzo. Nilijitolea kubeba runinga, maana gari langu lina nafasi. Mama akakataa.

"Picha usiwaletee," alisema. "Watamwona yule mwembamba watuharibie. Njoo wewe tu."

Nitakwenda. Hakuna mwingine wilaya nzima anayeweza kazi hiyo.