Nusu ya Kichwa

Jumanne nilikuwa saluni moja ya mtaa wa Hillbrow, huku ugenini, nasubiri zamu yangu na kusikiliza ya watu. Kitini alikaa binti wa Kikenya, mwanafunzi wa chuo, kila dakika anachungulia simu. Saa nane alitakiwa kusoma karatasi yake darasani. Wanajifunza, alitueleza, habari za waandishi wa Marekani wa karne ya kumi na tisa waliochoka na hadithi za mashujaa, wakaanza kuandika watu wa kawaida walivyo na wanavyosema.

"Huo si umbea?" nikamuuliza. "Mimi naufanya bure."

Mwalimu kawaagiza waandike ukurasa wa namna hiyo, kwa lugha ya nyumbani. Binti kamwandika msusi wetu, mama wa Kikongo. Akatusomea kutoka simuni: "'Tafadhali mpenzi, tuliza kichwa,' alisema msusi kwa upole."

Mikono ya msusi ikasimama. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka kama kichaka.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Miye? Miye nilisema, 'We, ikala, tulia! Kichwa yako iko natembea sawa mbuzi ya soko!' Andika vile, ao utaenda chuo na nusu."

"Mama, watakicheka Kiswahili chako."

"Wacheke yangu. Hiyo ya upole ni ya nani?"

Binti akaangalia saa, akafuta, akaandika upya. Mikono ikarudi kazini.

Nami nakiri. Wiki iliyopita niliandika hapa, katika safu yangu hii, kwamba jirani yangu aliniaga kwa heshima. Kwa kweli aliniita redio isiyozimwa, akabamiza mlango.