Juma Lenye Siku Kumi na Nane

Niliporudi Tabora na stashahada yangu ya maabara, niliyojisomesha mwenyewe kwa kubeba mifuko ya saruji Dar es Salaam, kitu cha kwanza kukitundika sebuleni kwa mama kilikuwa jedwali la elementi. Mama alilisogelea, akahesabu safu zake kwa kidole.

"Kalenda nzuri, baba. Lakini mbona juma lina siku kumi na nane?"

Nilimweleza taratibu, kama msomi anavyopaswa kuwaeleza ambao hawakubahatika. Namba zinapanda moja moja kwenda kulia. Tabia zikianza kujirudia, unashuka mstari mwingine. Kwa hiyo waliopangwa juu na chini katika safu moja ni ukoo mmoja. Nikamwonyesha namba kumi na moja, sodiamu, ukingoni kushoto: metali laini ya kukatwa kwa kisu, ikitiwa majini inalipuka, na kwa asili haikai peke yake. Ikishikana na klorini ya upande wa pili, ndiyo chumvi.

"Hiyohiyo aliyonikataza daktari?"

"Hiyohiyo. Mkorofi ni sodiamu."

Mama ana presha, na baba tulimzika baada ya kiharusi. Nilimwapia mama kwamba kwa elimu yangu presha itashuka. Mtaa wetu uko kando ya njia ya zamani ya misafara. Mababu walibeba chumvi ya Uvinza vichwani siku nyingi hadi kuifikisha hapa. Mimi niliibeba hatua ishirini, nikamkabidhi jirani yetu fundi cherehani kopo zima. Kazi imekwisha.

Presha haikupewa taarifa. Kliniki ya kwanza, iko juu. Ya pili, juu zaidi. Nikapekua jiko kama askari wa forodha.

"Mama, chumvi unaificha wapi?"

"Kwenye kalenda yako. Katafute."

Kliniki ya tatu tulimkuta nesi mpya, binti anayelingana na mdogo wangu wa mwisho; nikawahi kumweleza kwamba nimesomea maabara.

"Shikamoo, mama. Nyumbani mnakula nini?"

"Marahaba. Ugali, maharage, mlenda. Vyote bila chumvi. Huyu ananilinda kama mfungwa."

"Na maharage na mlenda mnalainishia nini?"

"Magadi. Tangu chumvi ihamishwe naongeza kidogo, angalau mdomo upate ladha."

Nesi akanigeukia. "Kaka, si umesema umesomea maabara? Magadi ni nini?"

Kaboneti ya sodiamu. Niliwahi kuliandika jibu hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Na magadi yenyewe nilikuwa nayanunua mimi sokoni, mabonge ya kuchagua, kisha nausifu mlenda kwa sauti. Sodiamu niliitoa mlangoni ikiwa imeshikana na klorini, nikaikaribisha mezani ikiwa na rafiki mwingine, huku jedwali likinitazama kutoka ukutani.

"Ni sodiamu," nilisema, kwa sauti ndogo kuliko stashahada yangu.

Tulipofika nyumbani mama akapata wazo. "Basi nitachuja maji ya majivu badala ya magadi, kama bibi yako."

Maji ya majivu yana potasiamu. Niliangalia jedwali: namba kumi na tisa, moja kwa moja chini ya sodiamu. Ukoo mmoja, lakini si mtu mmoja. Na katika safu ile, kadiri unavyoshuka ndivyo hasira za majini zinavyozidi. Stashahada ilitaka kusema ndiyo. Niliiziba mdomo, kesho yake nikarudi kwa nesi kwa miguu yangu.

"Usithubutu kabla hajapimwa figo," alisema. "Figo zikishindwa kuitoa potasiamu, moyo unaweza kusimama."

Siku hizi tunaloweka maharage tangu jana yake, tunayachemsha matupu, tunayakamulia ndimu. Kliniki iliyopita presha ilishuka kwa mara ya kwanza. Mtaani nimeeleza kwamba sayansi yangu imezaa matunda. Nesi hawezi kupinga. Hapiti mtaa wetu.

Mama naye amechukua kipande cha mkaa, akatia alama ya X kwenye namba kumi na moja na kumi na tisa.

"Hizi siku nafunga," alisema. "Zilizobaki zote nakula."

Kati ya zilizobaki, namba thelathini na tatu ni aseniki, sumu ya panya. Itabidi nimweleze tena, taratibu.