Mikono Yote ya Kushoto

"Mikono yote ya kushoto! Kaka, hawa wanafunzi tunaowashonea hawana upande wa kulia, au nao umewakata?"

Karakana nzima ya ushonaji ikacheka, isipokuwa mkata vitambaa aliyeulizwa. Msimamizi, ambaye mafundi walimwita Bibi King'ora akiwa mbali, alibwaga rundo la mikono ya mashati mezani, akaendelea. Akamwita kipofu. Akamwita mzigo. Mdomo wake haukuwa na breki, na ukweli usemwe, mdomo huohuo ndio uliomtoa kwenye kufagia vipande vya nguo hadi kushika funguo za karakana. Kushona alijua. Kuharakisha watu alijua. Kuwasikiliza hakufundishwa, wala hakujifundisha.

Mkata vitambaa akavua aproni, akaikunja taratibu.

"Haya, dada. Kesho mtafute mwenye macho."

Akatoka kwenda uani. Kicheko kikakatika. Bila mkataji, cherehani zote ni mapambo tu.

Mshona vifungo, mama mtu mzima asiyemwogopa mtu, akasema bila kuinua macho kwenye sindano yake: "Asubuhi alikuuliza, nikunje kitambaa, uso uangaliane na uso, kila mkato utoe wa kushoto na wa kulia? Ukamwambia atandaze tu, tabaka juu ya tabaka, eti kukunja kunachelewesha. Sasa kama nyuso zote zimetazama juu, mkono wa kulia utatoka wapi, mwanangu?"

Bibi King'ora alikumbuka vizuri sana.

Akamfuata bombani, alikokuwa ananawa mikono.

"Kaka, yaishe. Kosa ni langu."

"Nimesikia."

"Basi rudi."

"Matusi umenipa mbele ya watu, dada. Radhi unaniletea huku bombani, kama magendo?"

Kujishusha mbele ya watu anaowaongoza, kwa Bibi King'ora kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Lakini kumkosesha mtu kazi kwa kosa lisilo lake, hiyo ni aibu ambayo hata ukivaa magauni matatu haifichiki.

Akarudi ndani, akapiga makofi. Cherehani zikanyamaza.

"Mikono ile nimeiharibu mimi. Aliniuliza, nikamkatiza. Kipofu ni mimi. Na mzigo pia. Msicheke sana."

Wakacheka. Mkata vitambaa alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado inachuruzika maji.

"Deni umelipa, dada," akasema. "Sasa sogea hapo mezani, unanizibia mwanga."