Michoro Isiyo na Wino Mwekundu

Ofisini walimwita Rula, na mwenyewe hakuona tusi. Mhandisi huyu alikuwa mtu wa kunyoosha kila kitu, hata viatu vya wageni mlangoni kwake. Mkewe alishazoea. Alisema ukiolewa na Rula unapangwa kama vikombe, ila huvunjiki.

Ofisi ilikuwa na sheria: mchoro hautoki mpaka mhandisi mwingine aukague kwa kalamu nyekundu. Michoro ya wenzake ilirudi imechafuka, ya Rula ilirudi myeupe, ina saini tu. Miaka nenda miaka rudi, hakuwahi kurekebishwa hata mstari. Alijivunia hilo kimyakimya, maana mwenye hakika hana haja ya kelele. Sasa mkurugenzi alikuwa anatafuta mkuu wa miradi, na kila mtu alijua kiti ni cha nani.

Ndipo ikaja nyumba ya pampu ya hospitali. Ilikamilika kabla ya muda, na kikaoni watu wakapiga makofi. Kesho yake pampu ikaletwa, ikawa pana kuliko mlango. Waliigeuza ubavu, wakaigeuza kichwa chini, mmoja akapendekeza ikwanguliwe rangi. Haikuingia. Ukuta ukabomolewa, na wauguzi wakaendelea kuteka maji kwa ndoo.

Rula alilikubali kosa bila kujitetea. Hospitali ilikuwa imebadili pampu, ikataka kubwa zaidi, naye akasahau kubadili mlango. Lililomkera ni ile kalamu nyekundu. Akamwendea mkaguzi wa mchoro ule, rafiki yake aliyemsimamia harusi, akamuuliza aliupitishaje mlango ule.

Rafiki alikoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Kaka, michoro yako hatuisomi. Tukiona ni yako, tunasaini."

"Tangu lini?"

"Tangu tukujue."

Rula aliogopa, tena aliogopa sana. Miaka yote alidhani anafaulu mtihani, kumbe hakuna aliyesahihisha. Akaikumbuka ghorofa ya shule anayosoma binti yake, na roshani ambapo watoto hujazana wakati wa mapumziko. Aliichora yeye.

Safari hii hakutaka rafiki. Katika chumba cha mwisho alikaa mhandisi mmoja mwanamke ambaye hakumpenda Rula hata chembe, wala hakuficha. Alishasema kikaoni kwamba huyu akipewa ukuu, yeye ataomba uhamisho. Rula akamwekea mezani mchoro wa roshani.

"Dada, nakuomba unitafutie kosa."

Yule dada akafungua kalamu nyekundu.

"Nikilipata nitalipeleka kwa mkurugenzi. Kiti utakisikia tu."

"Litafute," Rula akasema. "Mwanangu husimama hapo kila siku."

Dada akavuta taa karibu, akaanza kusoma mstari wa kwanza.