Shimo la Viazi na Baridi ya Watu Wengine

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, nimechuchumaa juu ya shimo nililolichimba kwa mikono yangu mwenyewe, nimeshika fungu la majani makavu niliyolifunikia, na moyo unanidunda kama wa mwizi. Ndani ya shimo lile mlikuwa na viazi vitamu vya nyumba yangu vya mwaka mzima. Na mashimo mengine tisa kama lile yalikuwa kwenye viwanja vya majirani, yote yamechimbwa kwa maneno yangu. Lakini ngoja nianze mbali kidogo, maana iliyonifikisha pale ni baridi, na baridi yenyewe si ya kwetu.

Mimi ni mtu wa Igalula, kule Tabora, pale reli inapopita. Shule nilisoma mpaka darasa la pili, la tatu nikalichungulia dirishani tu. Miaka michache baada ya Uhuru nikapanda treni na vijana wenzangu kwenda kutafuta kazi. Wenzangu wakashuka Morogoro kwenye mkonge. Mimi niliyejiona mjanja nikafika mpaka Dar es Salaam, nikakaa wiki moja, kisha nikaunganisha malori hadi Njombe, kwenye shamba la miwati, kazi yetu kubandua magome ya miti. Niliambiwa kule kuna baridi. Nikacheka. Babu zetu walibeba mizigo vichwani kutoka Tabora mpaka pwani, miezi mitatu kwa miguu, mvua yao, jua lao. Mjukuu wa wapagazi atishwe na ubaridi?

Nilitishwa, mwanangu. Sikufichi.

Nchi yetu ni moja, lakini Mungu hakuigawia baridi kwa kibaba kimoja. Dar ule mwezi wa saba niliona watu wamevaa sweta na jasho linawatoka shingoni, wanaambiana leo baridi. Kwetu Tabora kipupwe ni kikavu. Alfajiri unatetemeka, upepo unakupasua midomo na visigino mpaka unatafuta mafuta ya karanga ujipake, lakini ikifika saa nne jua limekaa sawa, anga nyeupe, huoni wingu hata la dawa. Sasa Njombe ni habari nyingine. Kule ukungu unaamka kabla yako. Unafua shati Jumatatu, Alhamisi bado linadondosha maji. Kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, ukikanyaga zinalia chini ya mguu. Watu wa kule wanaishi na moto ndani ya nyumba, wanakula nao, wanalala nao, na ukimkuta mtu nje saa moja asubuhi hamuongei, mnatoleana moshi midomoni tu.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja wa Kibena, Mzee Mwalongo, mtu mpole, mcheshi kwa macho kuliko kwa mdomo. Yeye viazi vyake, hivi vya mviringo, alivifukia shimoni nyuma ya nyumba, juu akatandaza majani, na vikakaa humo miezi kama vimechimbwa jana. Hakuna kumenya, hakuna kuanika. Nikaona ajabu, maana kwetu mwezi wa sita na wa saba mikono ya mama zetu haipumziki: viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa, hiyo ndiyo michembe, au vinachemshwa kwanza ndipo vinakatwa na kuanikwa, hayo ndiyo matobolwa. Kazi ya wiki na wiki. Nikajisemea, kumbe wazazi wetu wanateseka bure.

Siku naaga, Mzee Mwalongo alinipa koti lake kuukuu, zito kama mtoto wa ng'ombe. Nikamwambia ule ujuzi wa shimo naupeleka kwetu. Akaniuliza swali moja tu.

"Kwenu asubuhi ukiingiza mkono ardhini, unauma?"

Nikadhani utani wa wazee. Nikacheka, nikapanda lori. Swali lile nililielewa baada ya mwaka, nikiwa nimechuchumaa, kama nilivyokuambia.

Nilirudi nikakuta mambo yamebadilika. Watu walikuwa wametakiwa kuhama mashamba yao ya kutawanyika na kukaa pamoja kwenye kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, shamba la pamoja, na kila nyumba kumi zina balozi wao. Sisi balozi wetu alikuwa Mzee Maganga. Nikaoa, nikampata Nyamizi, na mama yake mzazi akawa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwenye kumi zile zile. Hapo ujue jambo moja. Kwa desturi yetu ya wakati ule mwanamume haongei uso kwa uso na mama mkwe wake. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Sasa serikali imetupanga nyumba ya tatu! Yule mama na mimi tulikuwa tunakwepana siku nzima kama jua na mwezi.

Turudi kwenye viazi. Shida ya kijiji kile kipya ilikuwa mwamba. Zamani tulianika juu ya mwamba mpana uliokuwa karibu na mahame yetu, jiwe safi, upepo mzuri. Kutoka kijijini hadi pale ikawa mwendo wa asubuhi nzima, na huku shamba la pamoja linawangoja. Akina mama wakawa wananung'unika. Ndipo nikasimama mimi kwenye mkutano wa nyumba kumi, nimevaa lile koti la Njombe, saa saba mchana, jasho linanitoka na sivui. Nikawaambia huku kwetu hakuna baridi, baridi nimeiona mimi. Na mahali penye baridi ya kweli watu hawaaniki, wanafukia. Nikaeleza shimo, nikaeleza majani. Akina mama wakapiga vigelegele. Msafiri bwana, nani ambishie? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mwenyeji ninayejifanya mgeni, na wala hawakupona.

Mtu mmoja tu hakupiga kigelegele. Mama mkwe wangu alijifunika kanga usoni, akatikisa kichwa. Lakini hakuweza kunijibu mbele za watu, desturi ilimfunga mdomo. Akachimbiwa shimo naye kama wenzake, na mchimbaji nilikuwa mimi.

Basi wiki ya nne Nyamizi akaniomba viazi vya kupika. Nikaondoa majani. Mwanangu, joto lilinipiga usoni kama nimefunua chungu. Harufu ya pombe iliyochacha. Nikaingiza mkono: ardhi haikuuma hata kidogo. Ilikuwa vuguvugu kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Viazi vya juu vilikuwa laini, vimeota ukungu, na wadudu wamekwishajitengenezea njia zao. Baridi yetu, ile ya alfajiri, inapita juu juu tu. Chini mchanga unalitunza jua la mchana. Ndilo aliloniuliza yule mzee.

Na sasa sikia nilichokifanya, maana kosa langu kubwa ni hili, la kwanza lilikuwa ujinga tu. Nilirudisha majani. Nikatoa viazi vichache vizima vya pembeni, nikampa mke wangu, nikanyamaza. Nikajidanganya labda ni shimo langu tu. Labda wengine wamechimba penye kivuli. Nikanyamaza siku ile, na ya pili, na ya tatu. Nikipita kwa majirani nawasalimu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na koti langu mwilini. Na miezi ya masika, ule wakati ghala ni tupu na mahindi bado yako shambani, watu wa nyumba kumi wangelisha watoto wao nini? Nilijua. Usidhani nilikuwa sijui.

Siku ya nne asubuhi nimekaa nyuma ya ukuta wa jikoni, nikasikia mama mkwe ameingia uani kwetu. Nyamizi hakuwepo, amekwenda kisimani. Yule mama alijua niko pale, na mimi nilijua anajua. Palikuwa na jogoo wetu anaparura. Akamgeukia jogoo.

"Wewe jogoo," alisema, taratibu kabisa, "ulikwenda kutembea ugenini, ukaona wenzako wanavyolala, ukarudi kutufundisha kulala. Sikukasirika, kutembea ni vizuri. Lakini pua yangu haijafa, nimenusa shimo langu na nimenusa la kwako. Unaona haya. Ona haya, ni sawa. Ila ujue, shimo halimngojei mtu mpaka aibu yake ipoe."

Jogoo akaendelea kuparura, hana habari.

"Kila siku unayofunga mdomo kuna mtoto anayenyang'anywa chakula chake. Ukishindwa kuwika leo, masika utamwikia nani?"

Akaondoka. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikutaka kuumbuliwa na kilio cha watoto. Nikainuka pale pale, sikunawa hata uso, nikaenda kwa Mzee Maganga nikamwomba akusanye nyumba kumi. Akauliza kwa habari gani. Nikasema nikikueleza wewe kwanza nitapata nafasi ya kubadili mawazo, waite tu.

Wakaja. Nikawaambia shikamooni, wakaitikia marahaba, na baada ya hapo sikuwa na pa kujificha. Nikasema yote. Kwamba viazi vinaoza, kwamba nimejua siku nne na sikusema, kwamba baridi ya Njombe na ya Igalula ni ndugu wa jina tu. Pakachafuka. Jirani yangu mmoja, mtani wangu wa siku nyingi, alisema kumbe ulitubandua magome na sisi tukidhani ni ujuzi. Mama mmoja alilia. Sikumtazama, nilishindwa. Mzee Maganga aliwaacha waseme mpaka wakaisha, halafu akaniuliza mbele yao, "Sasa wewe mwenye shimo, unataka tufanye nini?"

Nikajibu kwamba upepo bado upo. Leo tufukue yote, tuchague vizima, kesho alfajiri tuelekee kwenye mwamba wa zamani, na mzigo wa mwanamke yeyote asiyeweza kubeba nitaubeba mimi. Mzee akaenda kuomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, akapewa siku kumi, nasi tukaahidi kuzifidia kwenye shamba la pamoja.

Mwanangu, mimi mjukuu wa wapagazi ndipo nilipojua maana ya upagazi. Nilikwenda na kurudi safari ambazo sikuzihesabu, shingo imezama mabegani. Alfajiri tunaondoka tunatetemeka, saa nne tuko juu ya mwamba, visu vinakata, watoto wanatandaza. Hakuna aliyeimba siku mbili za kwanza. Ya tatu mtani wangu akaanzisha wimbo wa kunicheka, Bwana Shimo, Bwana Shimo, na jina hilo ninalo mpaka leo, waulize watu wa Igalula. Nilipoanza kuitikia mimi mwenyewe, ndipo kisu cha yule mama aliyelia kikaenda kwa kasi.

Tuliokoa zaidi ya nusu. Masika ile tulikula mara moja kwa siku, nyumba zote kumi, lakini tulikula. Hakuna mtoto tuliyemzika kwa njaa.

Siku ya mwisho pale mwambani nafasi ilikwisha, na mama mkwe wangu alibaki na ungo mmoja wa vipande hana pa kuvitandaza. Nikavua koti la Njombe, nikaliweka chini, nikarudi nyuma hatua ishirini na kugeuka pembeni kama desturi inavyotaka. Akaja, akavimwaga juu yake, akavipanga kimoja kimoja. Kisha nikasikia anaongea. Hakuongea na mimi. Aliongea na koti.

"Koti," alisema, "leo ndiyo umefika nyumbani."

Basi nakuusia, wewe kijana unayepangiwa kazi leo Makete, kesho Tanga, keshokutwa unarudishwa kwetu. Tembea. Jifunze kila nchi inavyoishi na baridi yake na jua lake. Lakini ukitaka kuhamisha ujuzi, kwanza ingiza mkono ardhini pale ulipo, na muulize aliyezeeka na upepo wa pale. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na ukikosea, maana utakosea, usirudishe majani juu ya shimo. Sema siku ile ile, viazi vingali na uzima, kisha uwe wa kwanza kujitwika mzigo.

Mungu akupe midomo inayopasuka kwa upepo na siyo kwa uongo, akupe mama mkwe mwenye pua kali na jogoo mwenye subira, na kila utakakolala katika nchi hii, kipupwe kikukute una chakula ghalani.