Mtafiti wa Kingamwili

Mtafiti wetu wa kingamwili hapa maabara huongea kwa sauti ya chini, kana kwamba virusi vina masikio. Miaka nenda rudi anaisaka homa moja tu, na mikono yake imekauka kwa sabuni na glavu. Damu ya waliopona, ambamo kinga ya ugonjwa hubaki, huichukua mwenyewe, kisha huigeuzageuza chupa taratibu kama anayebembeleza mtoto. Juzi alikuja mama mmoja aliyepona homa hiyo, ila mumewe ilimuua. Akauliza, “Daktari, hiki mnachokitafuta kwenye damu yangu kingemwokoa baba watoto?” Mtafiti akavua glavu, akavuta kiti, akaketi. “Pengine, mama. Ila wakati ule hatukujua namna ya kukitoa kwa aliyepona na kumpa mgonjwa.” Mama akalia, naye hakumharakisha. Mwishowe mama akapandisha mkono wa gauni. “Haya, chukua ya kutosha.”